Theluthi na Mafungu: Wosia wa Kiislamu mbele ya Sheria ya Mirathi ya Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna Mwislamu aishiye Kampala anavyoweza kuandika wosia unaokubalika katika fikihi na unaoweza kutekelezwa na mahakama za Uganda. Hoja inayojengwa ni kwamba wosia nchini humo umebebeshwa kazi mbili, ilhali fikihi iliupa moja tu. Kazi ya asili ni kuwafikia, kwa theluthi ya mali, watu walio nje ya mafungu yaliyowekwa na Kurani. Kazi ya pili, iliyozuka kwa sababu hakuna mahakama inayogawa mirathi ya Waislamu kwa sharia, ni kuzilinda theluthi mbili zinazobaki zisigawanywe kwa asilimia za Sheria ya Mirathi. Makala yanaonyesha mahali ambapo kazi hizo mbili hugongana, na yale ambayo mtunga sera anapaswa kuyajua kabla ya kupendekeza marekebisho.

Utangulizi

Ibara ya 129 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inazitaja mahakama za kadhi miongoni mwa mahakama za chini ambazo Bunge linaweza kuziunda, na kuzitengea masuala manne: ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Robo karne baada ya Katiba hiyo kuanza kutumika, sheria ya kuziunda ilikuwa bado haijapitishwa. Sheria ya Ndoa na Talaka za Waislamu, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni tangu 1906, inagusa ndoa na talaka tu, mirathi haimo. Kwa hiyo masheikh wa Old Kampala na Kibuli hugawa mirathi kwa suluhu na maridhiano, na familia nyingi huridhika. Tatizo hujitokeza siku mmoja wa warithi anapokataa, au siku hati ya ardhi inapotakiwa kubadilishwa jina. Hapo familia hulazimika kwenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu wa Serikali na mahakamani, na sheria inayokutwa huko si ya faraidhi.

Waislamu walikuwa asilimia 13.7 ya watu wote wa Uganda katika sensa ya 2014. Uislamu ulifika katika kasri la Kabaka Suuna wa Pili tangu miaka ya 1840, ukija na wafanyabiashara kutoka pwani. Hata hivyo, sheria ya mirathi ya nchi ilichukuliwa kutoka kwingine: mzizi wake ni Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, ambayo huko India kwenyewe haikuwahusu Waislamu.

Sheria moja kwa wote

Mgawanyo wa asilimia uliletwa na amri ya mwaka 1972. Mtu aliyefariki bila wosia aligawiwa mali yake hivi: asilimia 75 kwa wazao, 15 kwa mjane au wajane, 9 kwa jamaa tegemezi na 1 kwa mrithi wa kimila. Ni mwaka uleule ambapo Baraza Kuu la Waislamu Uganda liliundwa, tena chini ya rais Mwislamu. Lakini amri hiyo haikuwatenga Waislamu. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo, ukiwemo mgawanyo wenyewe, kwa kuwa viliizungumzia mali ya mwanamume tu na hivyo vilibagua wanawake. Pengo lililoachwa lilidumu hadi marekebisho ya 2022. Sasa, pale ambapo makundi yote manne yapo, mwenzi wa marehemu hupata asilimia 20, wazao 75, jamaa tegemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba ambamo familia ilikuwa ikikaa hutengwa na mgawanyo huo, na haki ya mjane ya kuendelea kuishi humo imetiwa nguvu. (Msomaji anayefuatilia vifungu ajihadhari: katika toleo jipya la Sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024, Sheria ya Mirathi ni Sura ya 268, na namba nyingi za vifungu zimebadilika.)

Asilimia hizi huwahusu waliokufa bila wosia. Aliyeacha wosia halali hugawiwa mali yake kama alivyoagiza. Huo ndio mlango pekee ambao sheria ya nchi imemwachia Mwislamu anayetaka mali yake igawanywe kwa faraidhi bila kutegemea hiari ya kila mrithi.

Majirani wamefuata njia nyingine. Nchini Kenya, Sheria ya Mirathi ilirekebishwa mwaka 1990 ili sehemu zake kuu zisitumike kwa mali ya Mwislamu, na mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya 2010. Zanzibar ina mahakama zake za kadhi. Tanzania Bara haina mahakama za kadhi zenye mamlaka ya kiserikali, lakini mahakama za kawaida hutumia sharia katika mirathi ya Mwislamu, baada ya kuangalia maisha aliyoishi marehemu na nia yake. Nchi hizo, kila moja kwa namna yake, humgawia kwa faraidhi Mwislamu aliyekufa bila kuandika lolote. Uganda humtaka aandike.

Wosia katika fikihi

Katika fikihi wosia ni zawadi inayoanza kufanya kazi baada ya mauti, wala haukuwekwa ili kuigawa mali yote. Aya ya 180 ya Suratul Baqara iliagiza wosia kwa wazazi na jamaa wa karibu. Kisha aya za 11 na 12 za Suratun Nisaa zikaweka mafungu ya warithi na kurudia kwamba mafungu hayo hutolewa baada ya wosia na deni. Hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, iliuwekea wosia mpaka wa theluthi, na kuihesabu hata theluthi hiyo kuwa ni nyingi. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ilimzuia mrithi asiusiwe.

Utaratibu wake unajulikana. Kwanza hutolewa gharama za maziko. Kisha hulipwa madeni, na humu huingia mahari ambayo mke hakulipwa, zaka iliyobaki na, kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, Hija iliyomwajibikia marehemu naye hakuitekeleza. Hatua ya tatu ni wosia usiozidi theluthi ya kinachobaki. Salio ndilo la warithi. Wosia uliozidi theluthi, au uliomlenga mrithi, si batili moja kwa moja kwa Mashafii. Husubiri ridhaa ya warithi wengine, nayo hutolewa baada ya kifo. Ridhaa iliyotolewa mwenye mali angali hai haimfungi mtu. Mrithi ambaye bado ni mtoto hawezi kuridhia, wala mlezi wake hawezi kuridhia kwa niaba yake, na hili huwakwaza wengi mjini ambako wanaofariki huacha watoto wadogo. Mashia Ithnaashari, ambao wapo pia Kampala, huruhusu mrithi kuusiwa ndani ya theluthi bila ridhaa ya yeyote. Wosia unaotaja tu "sheria ya Kiislamu" haumwambii hakimu ni kauli ipi aifuate.

Walio nje ya mafungu

Mjadala wa wosia nchini Uganda umeelekezwa mno kwenye swali la fungu la binti na la mjane, na swali la theluthi likasahauliwa. Ilhali Kampala ni mji ambamo theluthi ina kazi kubwa kuliko miji mingi ya Kiislamu.

Chukua mjukuu yatima. Baba yake amefariki kabla ya babu, na babu ameacha wana wengine wa kiume. Kwa faraidhi mjukuu huyo hapati kitu, kwa kuwa ami zake wamemzuia. Misri ililitatua jambo hili kwa Sheria namba 71 ya mwaka 1946, iliyomhesabia mjukuu wa aina hiyo wosia wa lazima ndani ya theluthi hata kama babu hakuuandika. Uganda haina kanuni kama hiyo upande wa sharia, na ni nchi ambayo ukimwi wa miaka ya 1980 na 1990 uliacha mayatima wengi mikononi mwa mabibi na mababu. Babu anayewalea wajukuu na hajaandika wosia, kisha wanawe wakakubaliana kugawana kwa faraidhi, anawaacha wajukuu hao mikono mitupu. Mistari miwili ya wosia ingewatosha.

Kuna pia jamaa wasio Waislamu. Familia za Kiganda zenye Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana chini ya paa moja si jambo la ajabu. Mwislamu harithiwi na asiye Mwislamu, hata akiwa mama yake mzazi au mke wake Mkristo. Lakini anaweza kuwausia, na kwa kuwa si warithi, theluthi iko wazi kwao bila kuhitaji ridhaa ya mtu. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye katika fikihi ya Kisunni hamrithi baba, na kwa mtoto wa kulea. Sheria ya nchi humhesabu mtoto yeyote wa marehemu miongoni mwa wazao wake, awe wa ndoa au la.

Mrithi wa kimila yumo upande wa pili wa mizani. Omusika wa Kiganda, anayevikwa majukumu siku ya okwabya olumbe, hutengewa na sheria asilimia 1, na familia nyingi za Kiislamu humteua bila wasiwasi. Fikihi haimjui kama mrithi. Akiwa ni mwana wa marehemu ana fungu lake kama mwana, na heshima ya usika haimwongezei kitu isipokuwa wenzake waridhie. Akiwa ni mpwa ambaye si mrithi, anaweza kuusiwa. Tatizo ni kwamba katika mazoea ya Buganda ekiraamo, yaani wosia, mara nyingi ndicho chombo cha kumtangaza omusika, na husomwa mbele ya ukoo. Hati iliyoandikwa kwa lengo hilo hukazia cheo, na huacha mali katika maneno ya jumla.

Hesabu ya mfano

Tofauti huonekana vizuri kwa tarakimu. Tuseme mwanamume amefariki na kuacha mke, mama aliyekuwa akimtegemea, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya maziko na madeni zimebaki shilingi milioni 360, nyumba ya kukaa ikiwa haimo katika hesabu.

Bila wosia, kwa asilimia za 2022, mke hupata milioni 72. Watoto hugawana milioni 270 sawasawa, milioni 90 kila mmoja. Mama, akiwa ndiye jamaa tegemezi pekee, hupata milioni 14.4, na mrithi wa kimila milioni 3.6.

Kwa faraidhi, kama ameusia theluthi nzima kwa wasio warithi, milioni 120 hutoka kwanza. Katika milioni 240 zinazobaki mke huchukua thumni, milioni 30. Mama sudusi, milioni 40. Na watoto hubakiwa na milioni 170, milioni 68 kwa kila mwana wa kiume na 34 kwa binti. Bila wosia wowote wa theluthi, mke angepata milioni 45, mama 60, kila mwana wa kiume 102 na binti 51.

Anayeinuka zaidi kwa faraidhi ni mama, ambaye katika mijadala ya sera hutajwa kwa nadra. Wanaoshuka ni mke na binti. Marehemu akiwa na wake watatu, thumni ileile hugawanywa kwa watatu. Kila mrithi, basi, anayo sababu ya kuchagua mlango wa kuingilia: mjane ana sababu ya kwenda mahakamani, na mwana wa kiume ana sababu ya kwenda kwa sheikh. Wosia ulioandikwa vizuri huuondoa uchaguzi huo mikononi mwao.

Hati moja yenye mabwana wawili

Wosia wa kiserikali una masharti ya umbo. Mwandishi awe na akili timamu na umri wa mtu mzima, ambao sasa ni miaka 18. Atie saini au alama yake, na mashahidi wawili au zaidi wathibitishe. Lugha ni yoyote, ingawa mahakamani itahitajika tafsiri ya Kiingereza. Kwa Mwislamu hapa hapana ugumu wa kidini. Kurani yenyewe, katika aya ya 106 ya Suratul Maida, inataka wosia ushuhudiwe na watu wawili waadilifu.

Mtego umo katika uteuzi wa mashahidi hao. Kwa Sheria ya Mirathi, alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, hubatilika ingawa wosia wenyewe hubaki halali. Katika fikihi fungu la mwana wa kiume halitoki kwenye wosia. Limetoka kwa Mwenyezi Mungu, na baba hakumpa kitu. Lakini wosia wa Kampala unaoagiza mali yote igawanywe kwa faraidhi humfanya mwana huyo, machoni pa mahakama, kuwa mnufaika wa wosia. Akitia saini kama shahidi, jambo ambalo mwana mkubwa huombwa mara nyingi, huweza kulipoteza fungu lake lote. Mashahidi wafaao ni watu wa msikitini au jirani wasio na fungu wala ndoa na mwenye fungu.

Tatizo la pili ni uwazi. Sheria hubatilisha agizo ambalo nia yake haieleweki. Maneno "mali yangu igawanywe Kiislamu" yamewatosha watu waliokuwa na kadhi wa kuyafasiri. Mbele ya jaji asiyefunga hukumu kwa fikihi hayajasema kitu cha kutosha. Hati imara hutaja madhehebu, hutaja nani atakayeandika orodha ya warithi na mafungu yao baada ya kifo, na huitamka orodha hiyo kuwa sehemu ya maagizo ya mwenye wosia. Kwa upande mwingine, haifai kuandika leo kwamba fulani apewe milioni kadhaa na fulani kiwanja cha Ntinda. Warithi hujulikana siku ya kifo, si siku ya kuandika. Anayeweza kurithi leo huenda akatangulia, na mtoto mwingine akazaliwa. Zaidi ya hayo, kumtajia mrithi kitu maalumu huweza kuhesabiwa na masheikh kuwa ni wosia kwa mrithi, na kuhitaji ridhaa. Uwiano huandikwa, kiasi huachiwa siku yenyewe.

Vilevile, kanuni ya Kiingereza iliyoingizwa katika Sheria ya Mirathi husema kwamba ndoa inayofungwa baada ya wosia huufuta wosia. Ilitungwa kwa ajili ya mtu wa mke mmoja. Mwislamu anayeoa mke wa pili akidhani wosia wake wa zamani ungali kabatini anapaswa kuuandika upya na kuushuhudisha upya.

Wasii naye asisahauliwe. Fikihi humtambua na mahakama humtambua. Ndiye atakayeomba uthibitisho wa wosia, na bila hati hiyo msajili wa ardhi habadilishi jina kwenye hati ya mailo.

Mipaka ambayo wosia hauivuki

Mahakama inaweza kuingilia wosia usiowatengea matunzo ya kutosha mwenzi, watoto na jamaa tegemezi. Mjane aliyepewa sehemu ya thumni anaweza kuomba aongezewe. Hii si hitilafu ya kisheria ya kulaumiwa. Ni kinga ambayo Bunge limeikusudia, na mwandishi wa wosia aizingatie mapema badala ya kuombea isitumiwe. Fikihi inazo njia zake za kumhakikishia mke makazi na riziki. Hiba iliyotolewa na kukabidhiwa mtoaji akiwa mzima wa afya haina mpaka wa theluthi, ingawa iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia. Mahari isiyolipwa ni deni, na deni hutangulia. Mchango wa mke katika kununua ardhi, ukiandikwa kwenye hati kwa jina lake, ni mali yake na hauingii kabisa katika mirathi. Mume aliyeyafanya hayo hakupunguza fungu la yeyote, na ameipunguzia mahakama sababu ya kuingilia.

Kikatiba pia njia ya wosia ina nafuu ambayo watetezi wa mahakama za kadhi huitaja kwa nadra. Hukumu ya 2007 ilipima vifungu vya sheria kwa kipimo cha usawa wa jinsia. Bunge likitunga sheria ya kumpa binti nusu ya fungu la kaka yake, litakabiliwa na kipimo hicho, kama vile mahakama ya kadhi itakavyokabiliwa nacho itakapoanza kazi. Mtu binafsi anayegawa mali yake kwa wosia hana wajibu wa kuwagawia wanawe sawa. Wajibu wake ni wa matunzo. Kwa hiyo mgawanyo uleule ambao ungepingwa ukiwa sheria unaweza kusimama ukiwa wosia.

Kinachobaki bila jibu katika wosia nyingi ni nani hasa atakayehesabu mafungu. Uongozi wa Waislamu wa Uganda umegawanyika kwa muda mrefu kati ya Baraza Kuu lenye makao Old Kampala na uongozi wa Kibuli, kila upande ukiwa na mufti wake na wanazuoni wake. Wosia unaosema kwamba mirathi itagawanywa na "mufti" humtaka jaji wa kiserikali aamue kwanza mufti ni yupi, nalo ni swali ambalo mahakama italikwepa ikiweza, na familia itabaki ikisubiri. Ofisi itajwe kwa jina lake kamili, na ya pili itajwe endapo ya kwanza haitakuwepo au itakataa. Na fomu yoyote ya wosia wa Kiislamu itakayopendekezwa kwa serikali ihitaji sahihi za pande zote mbili kabla ya kupelekwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu.